Kusuuza pampu ya dawa ukimaliza kupiga: maji kidogo mara tatu, na yaishie shambani

Wakulima wenzangu wa Nairobi na kando kando, mko Ruai, Kamulu, Mwiki, Njiru, Dagoretti, hata nyinyi wa ploti ya 50 kwa 100 mmepanda sukuma na nyanya nyuma ya nyumba, leo naandika kuhusu kitu naona kikifanywa vibaya karibu kila mahali. Mtu anapiga dawa vizuri kabisa, amevaa gambuti, amefunga mdomo, kipimo amesoma, halafu akimaliza anabeba pampu hadi kwa bomba la ploti, anajaza tangi mpaka juu, anatikisa mara moja, anamwaga kwa mtaro na kazi imeisha. Sasa hapo sumu imetoka shambani ikaenda mahali watoto wanateka maji, na pampu yenyewe bado ni chafu.

Pampu inasafishwa na maji kidogo, mara tatu, na hayo maji unayapiga kwa mimea ile ile umetoka kupiga dawa. Ukishika hiyo moja, mengine yote hapa chini ni ya kukusaidia uifanye sawa.

Kazi inaanzia kabla hujachanganya dawa

Pampu inayosumbua kusuuza ni ile imebaki na lita nne za dawa na shamba limekwisha, mtu haelewi azipeleke wapi. Kwa hivyo siku moja kabla, tia maji matupu kwa pampu, piga shamba lako na mwendo ule ule huwa unatembea ukipiga dawa, uone ni lita ngapi zimeenda. Kama ploti yako imekula lita 12 basi changanya dawa ya lita 12, usijaze 20 eti juu tangi ni la 20. Ukifanya hivi mara moja unajua shamba lako, na unaokoa pesa pia, dawa siku hizi ni ghali.

Halafu kuna ujanja mdogo unasaidia sana. Ule mstari wa mwisho, au kona moja ya shamba, piga dawa nyepesi nyepesi tu, usiloweshe majani. Hapo ndipo utamalizia maji ya kusuuza, bila kuzidisha dawa kuliko kipimo cha lebo.

Vitu vya kubeba shambani mapema, sio kuenda kutafuta baadaye na glavu zimejaa dawa: mtungi wenye maji safi kama lita 10, kikombe au jagi ya kupimia ambayo haitarudi jikoni milele, mswaki wa zamani, kitambaa, kipande cha sabuni na beseni ndogo ya kazi hiyo pekee. Kwa tangi la lita 20 utatumia lita 2 kila ukisuuza, hiyo ni 6, zinazobaki ni za kuosha pampu kwa nje na mikono yako. Kama unanunua maji kwa mtungi, na wengi wetu tunanunua, utaona hii njia inakula maji machache kuliko ile ya kujaza tangi zima pale bombani.

Hatua ya kwanza: usivue kitu

Wengi wakimaliza kupiga, cha kwanza ni kutoa glavu na miwani juu wamechoka na jua ni kali. Ngoja kwanza. Kusuuza ndio wakati dawa inaruka, ukitikisa tangi, ukifungua nozeli (kile kichwa cha mwisho kinachotoa dawa), ukimwaga beseni. Baki na gambuti, suruali ikiwa nje ya gambuti ndio maji yasiteremke ndani, ovaroli, miwani, na glavu za mpira mzito zisizopitisha dawa. Glavu za kitambaa wacha kabisa, hizo zinanyonya dawa na kuikalisha kwa ngozi yako mchana wote, afadhali hata mtu angejua hana kitu mkononi akae chonjo.

Hatua ya pili: maliza dawa yote

Piga mpaka nozeli ianze kukohoa na kutoa hewa. Halafu elekeza fimbo ya pampu kwa mimea, bonyeza triga mpaka presha yote iishe, ndio sasa ufungue kifuniko. Mtu akifungua pampu ikiwa na presha, hasa zile ndogo za kubeba mkononi, dawa inaweza kumrukia usoni.

Fanya kila kitu hapo hapo, siku hiyo hiyo, kabla haijakauka. Dawa ikikauka kwa ukuta wa tangi na ndani ya mpira inashika, na haitoki tena na maji ya kawaida. Kuna dawa zinatengenezwa na mafuta na viyeyusho, zile ukitia kwa maji yanakuwa meupe, na hizo zikiingia kwa pampu yenye dawa ya zamani iliyokauka zinaibandua na kuitoa yote siku hiyo. Ndio unaskia mtu akisema alipiga dawa ya wadudu tu na mimea ikaungua. Shida haikuwa dawa ya wadudu, ni kilichokuwa kimelala ndani ya mpira tangu mwezi uliopita.

Hatua ya tatu: suuza ya kwanza

Mimina lita 2 za maji safi ukizungusha ukuta wa tangi kwa ndani, pale juu karibu na mdomo ndipo huwa pamesahaulika. Funga kifuniko. Inua pampu uitikise, ilaze upande huu, ilaze upande ule, igeuze kidogo maji yaguse kifuniko kwa ndani. Sekunde 30 hivi za kutikisa kwa nguvu zinatosha. Sasa ibebe mgongoni, uipampu ipate presha, na upige hayo maji yote kupitia nozeli kwa ule mstari uliopiga dawa nyepesi, ukitembea haraka haraka.

Kwa nini kupitia nozeli na sio kupindua tangi? Kwa sababu tangi ni sehemu moja tu. Mpira wa urefu wa mita moja na kitu unabaki umejaa dawa, fimbo imejaa, ule mkono wa triga una dawa, na kile chumba cha presha ndani ya pampu pia. Ukipindua tangi umeosha ukuta peke yake, na hiyo dawa ya kwa mpira ndio itakuwa ya kwanza kutoka wiki ijayo ukipiga kitu kingine.

Hatua ya nne: suuza ya pili, na filta

Hapa ndipo watu wengi wanaruka na mimi nataka nikae kidogo.

Pampu ya mgongoni kawaida ina filta kwa sehemu tatu. Kuna ungo pale mdomoni mwa tangi, kuna filta ndogo ndani ya mkono wa triga, na kuna nyingine ndogo zaidi nyuma ya nozeli. Hiyo ya kwa mkono wengi hawajui hata kama ipo. Fungua ile sehemu inazunguka pale mkononi, ivute polepole, na kama umekuwa ukipiga dawa za unga kama mankozebu ya blaiti (ule ugonjwa wa kuunguza majani) ya nyanya utakuta tope la manjano limeganda kwa wavu, zito kama uji uliolala. Dawa ya unga haiyeyuki kabisa kwa maji, inaelea tu, na pampu ikikaa bila kutikiswa inashuka chini na kujikusanya kwa filta na kwa pembe za tangi. Ukiacha tope hilo, kesho nozeli inatoa upande mmoja, unaongeza presha, mpira unapasuka, unasema pampu ni feki.

Toa filta zote na nozeli, zitie kwa beseni na maji kidogo, sugua na mswaki taratibu. Usipulize nozeli na mdomo, hata kama umeona fundi akifanya, hiyo ni kuweka sumu kwa midomo moja kwa moja. Na usichokore tundu na waya au msumari. Lile tundu limetobolewa kwa kipimo, ukilipanua kidogo tu pampu inaanza kutoa dawa nyingi kuliko lebo inavyosema na matone yanakuwa makubwa yanateleza kwa majani. Mswaki unatosha, ikikataa tumia unyasi laini.

Maji ya beseni usiyamwage hapo miguuni. Yamimine ndani ya tangi, jazia mpaka ziwe lita 2, rudisha filta na nozeli, tikisa, ipampu, piga shambani kama mwanzo.

Hatua ya tano: suuza ya tatu

Lita 2 tena, tikisa, piga, imeisha. Mpaka hapa maji yanayotoka yanafaa kuwa hayana rangi wala povu. Kama bado yana rangi, rudia ya nne, hakuna sheria inakukataza.

Sasa wacha nionyeshe kwa nini nasisitiza mara tatu. Tuseme pampu ikiisha bado ina kikombe kimoja cha dawa ndani, mililita 200, imejificha kwa mpira na kwa pembe. Ukitia lita 6 mara moja ukamwaga zote, kile kikombe kinachobaki kina dawa sehemu moja kwa 31 ya ile ya mwanzo. Bado inatosha kuunguza mmea laini. Lakini ukizigawa hizo lita 6 mara tatu, kila mara lita 2, ya kwanza inakupeleka kwa sehemu moja ya 11, ya pili unagawanya na 11 tena inakuwa 121, ya tatu 1,331. Maji ni yale yale lita 6! Tofauti ni kuyagawa tu. Mimi hii hesabu ikinionyesha kitu ni kwamba ule mtindo wa kujaza tangi mpaka juu ni kupoteza maji na bado kubaki na dawa.

Kwa nje, tumia kitambaa na sabuni kidogo, futa tangi, mikanda, ule mkono wa kupampu na kifuniko. Mikanda ndio inakaa kwa bega lako na jasho, isugue vizuri. Chini ya kifuniko kuna mpira wa duara umekaa kwa mfereji wake, utoe, uoshe, urudishe, hapo huwa panaficha dawa nyingi sana.

Dawa ya magugu inataka pampu yake

Hii siongei polepole. Dawa ya magugu isiingie kwa pampu ya sukuma na nyanya. Nunua pampu ya pili hata kama ni ndogo, ipake rangi nyekundu, iandike MAGUGU kwa herufi kubwa, kila mtu anayeingia stoo ajue. Kuna dawa za magugu ya majani mapana kama 2,4-D ambazo mtu anapiga kwa mahindi, na nyanya haziwezi kuvumilia hata chembe yake. Majani machanga yanatoka membamba yamejipinda, shina linajikunja, na mkulima anadhani ni virusi, anang'oa, anapiga dawa nyingine na pampu ile ile, shida inaendelea.

Kama kweli uko na pampu moja na ilishatumika kwa magugu, maji matupu hayatoshi. Soma lebo ya hiyo dawa, mara nyingi imeandikwa kabisa utumie nini kuosha. Kwa nyingi ni sabuni ya unga, unajaza suluhisho, unapiga kidogo ndio lifike kwa mpira, unaliacha likae usiku kucha, halafu unasuuza tena mara tatu. Zingine lebo inasema amonia. Tafadhali sana, amonia usiichanganye na Jik, wala usitie Jik kwa pampu yenye mabaki ya mbolea ya majani, inatoka gesi ya sumu inayochoma mapafu. Na hata baada ya yote hayo, hiyo pampu ningeiweka kwa mahindi, nyanya ningeziacha nayo mbali.

Mahali pa kutomwaga

Sio kwa sinki, sio bafuni, sio chooni. Kama choo chenu ni cha shimo la septiki, kuna vidudu huko ndani vinaozesha uchafu na dawa inaviua. Mtaro wa mvua wa barabarani huku kwetu haupiti mahali popote pa kusafishwa, unaenda mtoni moja kwa moja. Na Mto Nairobi hauishii Nairobi, unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, halafu Sabaki, mpaka Bahari Hindi karibu na Malindi, na njia yote hiyo kuna watu wanamwagilia mboga na ng'ombe wanakunywa. Dawa nyingi za wadudu tunazotumia kila siku, zile za jamii ya pairethroidi, kwa samaki ni mbaya sana hata zikiwa kidogo.

Dimbwi pia hapana. Maji ya dawa yakisimama mahali pamoja kuku wanakuja, mbwa anakuja, nyuki wanakuja kunywa. Ndio maana tunayapiga yakisambaa, udongo wa shamba una vidudu vya kuivunja dawa polepole ikiwa kidogo, ikiwa nyingi sehemu moja vinashindwa na inazama kuelekea kisimani.

Wale wa vikundi wenye pampu nyingi zinaoshwa mahali pamoja, kuna kitu walianzisha Uswidi miaka ya 90 inaitwa baiobedi, ni shimo limejazwa majani makavu ya nafaka, udongo wa juu na mboji ya kuozea, juu yake nyasi. Maji ya kusuuza yanaingia hapo taratibu na vidudu vinayavunja. Lakini isichimbwe karibu na kisima, na muulize afisa wa kilimo kwanza kabla ya kushika jembe.

Wenye kupanda mboga kwa magunia na kwa nyumba ya kijani msifikiri hamhusiki. Kapampu ka lita 2 kanasuuzwa na mililita 200 mara tatu, unapiga kwa magunia yale yale. Kwa nyumba ya kijani piga maji ya kusuuza, toka, acha hewa ipite kabla hujarudi kuchuma. Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinahesabiwa hata kwa ule mstari uliomalizia maji, usije ukauza sukuma ya hapo kesho yake.

Vijana wa kupiga dawa kwa kulipwa

Wengi wetu hatupigi wenyewe, tunaita kijana mwenye pampu yake, na yeye ametoka kwa shamba lingine ambalo hujui alipiga nini. Muulize mapema, na umpe maji yake. Kuna mama huku kwetu napenda vile huwa anafanya. Kijana alikuja na pampu mgongoni akasema, "Mama, naomba niioshe hapo kwa bomba kidogo tu." Akamjibu, "Bombani hapana mwanangu, hapo ndio tunateka ya chai. Chukua huu mtungi nimekuwekea, uishie nao huko chini kwa nyanya, na ukimaliza sabuni yako iko hapa." Hakuna kelele, hakuna matusi, na kijana alifanya kazi yake vizuri. Kama unalipa mtu, hesabu muda wa kusuuza kwa malipo, ndio asikimbie.

Chupa za dawa zinasuuzwa wakati wa kuchanganya

Chupa ikiisha, tia maji robo, funga, tikisa, mimina kwa tangi la pampu, mara tatu, hapo hapo ukichanganya, ndio hayo maji yaingie kwa dawa ya siku hiyo na usipoteze hata tone uliolinunua. Halafu itoboe mtu asiitumie tena. Chupa ya dawa haiwi ya mafuta taa wala maziwa wala maji, hata ikioshwa mara mia. Usiichome pia, moshi wake ni sumu. Uliza agroveti uliponunua kama wanarudisha chupa au wanajua zinakusanywa wapi.

Wewe mwenyewe

Osha glavu zikiwa bado mikononi, na sabuni, halafu uzivue. Osha gambuti. Mikono na uso kabla ya kushika simu, sigara au chapati. Ukifika nyumbani oga mwili mzima na sabuni, nguo za kazi zioshwe peke yake kwa beseni yake, mbali na za watoto, na anayezifua pia avae glavu.

Ukiona wewe au kijana wako anaumwa kichwa, anatoka jasho jingi, mate yanamjaa, macho hayaoni sawa, anatapika, mtoe kwa shamba, vua nguo zenye dawa, mwoshe na maji mengi na sabuni. Kama ni machoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha hospitali mara moja, na ubebe chupa au lebo ya dawa, daktari anataka kujua ni sumu gani. Maziwa hayaondoi sumu, hiyo tuliambiwa tu, na usimlazimishe kutapika kama lebo haijasema. Ukinunua dawa angalia pia ule mstari wa rangi chini ya lebo, nyekundu ndio kali zaidi, na uhakikishe ina namba ya usajili ya PCPB, ndio bodi inayosajili dawa za wadudu Kenya.

Kuiweka

Pampu ikiwa safi, ipindue mdomo chini, kifuniko wazi, ining'inie mpaka ikauke, maji yakilala ndani yanaharibu mipira. Paka vaselini kidogo kwa zile washa (pete za mpira) za pistoni. Iweke kwa stoo yenye kufuli, mbali na chakula, mbegu na lishe ya ng'ombe, isikae jikoni wala chini ya kitanda hata kama nyumba ni ndogo. Siku ya kuitumia tena tia lita moja ya maji matupu, ipampu, angalia kama kuna mahali inavuja na kama nozeli inatoa sawa pande zote, ndio sasa ufungue dawa.